Eksteno imegoma kufunguka? Usibonyeze "fomati" kabla hujasoma hapa

Wapambanaji wenzangu. Wa nguo, wa vipodozi, wa viatu, wa asali, na sisi wa dagaa, somo la leo ni letu sote. Nataka niongelee kitu ambacho huwa hatukiongelei mpaka kitukute: siku ambayo eksteno yako, ile hadidiski ya nje uliyojaza picha za bidhaa, namba za wateja na hesabu zote za biashara, inagoma kufunguka.

Mimi nauza dagaa wa Nyasa. Nipo Ngumbo, huku kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma. Biashara yangu inaendeshwa na simu na laptopu moja ya zamani. Napiga picha mzigo ukiwa kwenye chanja, naweka stetasi, naweka Instagram, mteja wa Songea au Dar anaagiza. Nafunga, mzigo unapanda gari mpaka Mbinga, pale unaingia kwenye basi.

Sasa anayejua dagaa anajua hizi siku si sawa. Usiku wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa, dagaa wanapatikana. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wengi wanapumzika. Kwa hiyo mimi wakati wa giza napiga picha na video nyingi sana, nazihifadhi, nazitumia taratibu hata siku ambazo chanja ni tupu. Tangu 2019 zote zilikuwa kwenye eksteno moja ya terabaiti 1.

Na humo humo kulikuwa na kitu kikubwa kuliko picha: faili la madeni. Wateja wangu wa jumla kule umatengoni wengi wanachukua mzigo kwanza, wanalipa wakishauza kahawa. Mwezi wa Juni mwaka jana nilikuwa na sh 2,350,000 mikononi mwa watu, na orodha ya nani anadaiwa nini ilikuwa ndani ya ile diski. Kwingine hakuna. Daftari la karatasi nililiacha zamani nikijiona nimeendelea.

Siku hiyo nachomeka, Windows inaniletea ujumbe kwamba diski inabidi ifomatiwe ndipo itumike. Chini kuna vitufe viwili tu: kubali au ghairi. Nikwambieni ukweli, mkono ulishafika kwenye kukubali.

DALILI NILIZOZIPUUZA

Diski yangu haikufa ghafla. Wiki tatu kabla ilianza kuchelewa kufunguka. Folda ikawa inachukua dakika nzima kuonyesha picha. Mara mbili ilijichomoa yenyewe katikati ya kunakili. Mimi nikasema "waya umelegea", nikaukunja ukakaa sawa, kazi ikaendelea.

Na kulikuwa na sababu: mwanangu aliuvuta waya, diski ikaanguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi. Ilikuwa imewaka, hapo ndipo shida. Ndani ya hadidiski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka, nyingi za hizi eksteno ndogo ni mizunguko 5400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Nafasi kati yake na sahani ni ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Ikianguka ikiwa imezimwa, kichwa mara nyingi kimeegeshwa pembeni. Ikianguka inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani palepale.

Kwa hiyo somo la kwanza: eksteno ikianza uzito, ikajichomoa, faili moja likagoma kufunguka, usiseme nitaangalia wikiendi. Siku hiyo hiyo toa vya muhimu uviweke kwingine. Mimi ningefanya hivyo zile wiki tatu, leo nisingekuwa na somo la kuwapa.

KANUNI MOJA YA KUSHIKA

Nilimpigia mdogo wangu aliyeko Songea, yeye alisomea kompyuta. Nikamweleza huku sauti inatetemeka. Akasema:

"Dada, ghairi huo ujumbe, itoe. Usichomeke tena kujaribu. Unataka diski ipone au unataka vitu vyako?"

Nikamwambia nataka vitu vyangu.

"Basi tuokoe vitu kwanza. Diski tutajua baadaye."

Ndugu zangu, mkisahau yote niliyoandika hapa shikeni hilo. Kutengeneza diski na kuokoa data ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi zinapingana. Fomati inaweza kuitengeneza diski ikafunguka vizuri kabisa, tupu. Ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha, CHKDSK, nayo inaandika juu ya diski wakati inarekebisha. Kwenye diski inayokufa inaweza kuhamisha au kufuta kile ulichokuwa unakitafuta. Hizo zote ni za baadaye, ukishakuwa na nakala mkononi.

ANGALIA DALILI, UJUE UNASHUGHULIKA NA NINI

1. Kimya kabisa, taa haiwaki.
Hapa usikate tamaa mapema, mara nyingi ni waya. Badilisha waya, badilisha tundu la USB, jaribu kompyuta nyingine. Hadidiski ndogo inatumia umeme wa tundu la USB, na inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kidogo. Tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. Ukitumia waya mrefu wa bei rahisi, au kile kigawanyio cha matundu kisicho na umeme wake, diski inaweza kukosa nguvu. Inawaka, inagonga kidogo, inazima. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya mfupi, kompyuta yenyewe ikiwa na chaji.
Zile eksteno kubwa zenye adapta yake ya ukutani, angalia adapta. Na usiazime adapta ya laptopu kwa sababu tu kichwa kimeingia. Nyingi za diski hizo zinataka volti 12, adapta nyingi za laptopu ni volti 19. Utaunguza bodi.

2. Inawaka na kuzunguka, ila haionekani kwenye kompyuta.
Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management. Ukiiona pale na ukubwa wake uko sahihi, hiyo ni habari njema. Pengine imekosa herufi tu (kama E au F), unaipa herufi inafunguka. Pengine ilitayarishwa kwa kompyuta za Apple, Windows haiisomi. Ila ikikuuliza uianzishe upya, yaani "Initialize", kataa. Na ikionyesha ukubwa wa ajabu au sifuri, tatizo liko ndani.

3. Inaonekana, inadai ifomatiwe, au imeandikwa RAW.
Hii ndiyo iliyonikuta. Maana yake kompyuta inaiona diski lakini haielewi mpangilio wake. Fikiria stoo imejaa mzigo, ila karatasi ya kuonyesha kila gunia liko wapi imechanika. Mzigo mara nyingi bado upo.

4. Nzito, inaganda, faili nyingine zinafunguka nyingine hapana.
Sahani zina sehemu mbovu. Kila ukilazimisha kufungua lile faili bovu, kichwa kinarudia rudia palepale, diski inazidi kuchoka. Usilazimishe.

5. Inagonga tik, tik, tik, au inalia kama nyuki kisha inazima.
Kama umeshabadilisha waya na tundu na bado, zima. Hapo kichwa kimeumia au mota imekwama. Hakuna programu ya kudaunilodi itakayotibu kitu kilichovunjika. Kila dakika unayoiacha inagonga, kichwa kibovu kinaweza kuwa kinakwangua sahani zilizobeba picha zako.

6. Imeingia maji.
Hii ni yetu sisi wa boti na wa mvua za masika. Usiiwashe kuona kama imepona. Usiianike juani, usiiweke kwenye mchele. Ipeleke kwa mtaalamu jinsi ilivyo.

NILIVYOFANYA MIMI, HATUA KWA HATUA

Nilifunga ile diski kwa kanga mbili, nikaishika mkononi safari nzima, sikuiweka kwenye buti. Mbinga mjini nikapita kwa kijana mmoja wa duka la simu, nilitaka kusikia maoni ya pili. Akaichomeka, akasoma ule ujumbe, akasema:

"Dada, hii ndogo. Tunapiga fomati, inakuwa mpya. Elfu kumi tu."

Nikamuuliza na vitu vilivyomo? Akasema, "Hivyo ndiyo basi tena, si unajua mambo ya mashine." Nikamshukuru, nikaichukua. Simlaumu, yeye aliulizwa diski, akajibu diski. Nikaendelea mpaka Songea.

Hatua ya 1: Kupima afya.
Mdogo wangu aliiangalia kwa programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Hiyo inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Ilitoka njano. Angalieni mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu mbovu, zile zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana. Diski nzima kabisa inakuwa na sifuri hapo. Yangu C5 ilikuwa na mamia. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa miwili: mpangilio umeharibika, na sahani zina majeraha.

Hatua ya 2: Kununua diski nyingine.
Hili liliniuma, maana pesa ilikuwa ya mzigo. Lakini hakuna njia ya mkato: unaokoa kwenda diski nyingine, huokoi kwenda ile ile. Ukiandika kitu chochote kwenye diski mbovu unaweza kufunika ulichokuwa unakitafuta. Tulinunua ya terabaiti 2 ingawa ya zamani ilikuwa 1, kwa sababu tulihitaji nafasi ya nakala nzima na nafasi ya vitu vitakavyotolewa humo. Na hakikisha hiyo mpya haijafomatiwa kwa FAT32, maana mfumo huo haubebi faili moja linalozidi gigabaiti 4, na nakala ya diski nzima ni faili moja kubwa.

Hatua ya 3: Kunakili diski nzima, ilivyo.
Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanaweka programu ya kurudisha data moja kwa moja kwenye diski mgonjwa, inaisumbua masaa kumi, inakufa katikati. Sisi tulitumia GNU ddrescue, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux. Mdogo wangu aliwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, hakugusa Windows yangu.
Uzuri wa hii programu ni akili yake. Ikikuta sehemu mbovu haing'ang'anii. Inairuka, inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kirahisi, halafu ndiyo inarudi kuhangaika na vile vigumu. Ni kama nyumba inaungua: unatoa watoto na vitu vilivyo karibu na mlango kwanza, huanzi kuvunja kabati lililofungwa.
Na inaandika ramani ya ilipofikia. Usiku umeme ulikatika, chaji ya laptopu ikaisha, mimi nikajua kimeisha. Asubuhi umeme uliporudi ikaendelea pale pale ilipoachia. Ilichukua siku moja na nusu. Diski nzima ya ukubwa ule ingeweza kuisha kwa masaa machache. Kwa hiyo uvumilivu.
Tahadhari: ddrescue ukiielekeza vibaya, ukabadilisha inayotoka na inayopokea, utaifuta ile unayoiokoa. Kama hujawahi, kaa na mtu anayejua, msome majina ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 4: Kuchimba kwenye nakala.
Diski mgonjwa tukaichomoa, tukaiweka pembeni. Kuanzia hapo tulifanyia kazi nakala tu, hata tukikosea tunarudia. Kuna programu mbili za bure zinazokuja pamoja, TestDisk na PhotoRec, za Christophe Grenier. TestDisk inajaribu kurudisha ile karatasi ya mpangilio iliyochanika. Kwangu ilirudisha folda nyingi zikiwa na majina yake. Nilivyoona folda "Giza Machi 2021" nikapiga vigelegele, majirani wakaja.
Zilizobaki tukatumia PhotoRec. Hii haiangalii majina wala folda, inatambua faili kwa umbo lake, kwamba hapa panaanza picha, hapa panaanza hati. Inatoa vitu vingi ila vyote vina majina ya herufi na namba tu, vimechanganyika. Kazi ya kupanga ni yako. Mimi ilinichukua jioni za wiki mbili.

KILICHORUDI NA KISICHORUDI

Picha na video karibu zote zilirudi. Nilishukuru Mungu.

Faili la madeni lilionekana, jina lake kabisa, ukubwa wake sawa. Nikalifungua, likagoma. Sehemu yake moja ilikuwa imekaa kwenye jeraha. Tukajaribu lifunguke kwa programu mbili za mahesabu, hapana.

Niliokolewa na kitu ambacho hata sikukipanga. Mwezi wa Februari nilikuwa nimemtumia dada yangu lile faili kwa WhatsApp anisaidie kujumlisha. Lilikuwa bado lipo kwenye simu yake. Lakini lilikuwa la Februari, na yaliyoandikwa Machi mpaka Juni hayakuwemo.

Nilikaa chini, nikafungua meseji za miamala ya simu, nikafungua mazungumzo ya kila mteja, nikaunganisha mmoja mmoja. Halafu nikaanza kupiga simu. Sikujifanya nina orodha. Nilisema, "Shikamoo mama, kumbukumbu zangu zimepata shida, naomba tusaidiane, kwako naona tuliachia gunia ngapi?" Wengi walisema ukweli, Mungu awabariki, na mama mmoja alinikumbusha deni ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silioni popote. Wengine walisema walishalipa. Sina karatasi ya kubishana nao. Mpaka msimu wa kahawa unakwisha nilikuwa nimekusanya sh 1,940,000. Laki nne na elfu kumi zimekwenda.

Diski mpya ya pili kwa ajili ya nakala ingekuwa bei ndogo kuliko hiyo hasara. Hesabu mjifanyie wenyewe.

UKIMPELEKEA FUNDI, MUULIZE HAYA

Si kila mtu ana mdogo wake Songea. Ukienda kwa fundi, kabla hujamwachia:

- Utafanya nakala kwanza au utafanyia kazi hii hii? Akisema hii hii, chukua diski yako.
- Utaifungua? Kama ni kutoa kasha la nje tu kuangalia kibodi cha USB, sawa. Ndani ya kasha nyingi kuna hadidiski ya kawaida, na kasha likiwa ndilo bovu, kuihamishia kwenye kasha jingine kunatosha. Ila baadhi, zikiwemo nyingi za WD My Passport, tundu la USB limeunganishwa kwenye bodi ya diski yenyewe, hakuna cha kuhamisha. Lakini kufungua hadidiski yenyewe, zionekane zile sahani, hiyo inataka chumba maalumu kisicho na vumbi. Mezani barabarani ni kuiua.
- Ukibadilisha bodi, utahamisha na kile kidude chenye kumbukumbu zake? Diski za siku hizi bodi ya diski nyingine haiingii hivi hivi hata kama zinafanana.
- Nisipopata kitu nalipa ngapi?
- Vitu vyangu utavifuta kwako lini?

Hilo la mwisho msilipuuze. Humo mna majina, namba za simu, pengine vitambulisho na anwani za wateja. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mteja amekupa wewe namba yake, hajampa fundi. Andikishaneni kwenye karatasi, weka na namba ya utambulisho iliyoandikwa mgongoni mwa diski, ili urudishiwe yako.

MAMBO YA KUACHA

Usiweke diski kwenye friza. Huo ushauri bado unazunguka mitandaoni. Ikitoka inatokwa jasho ndani, maji juu ya sahani.
Usiigonge gonge mezani ili "kichwa kiachie".
Kama umeshafomati kwa bahati mbaya, acha kuitumia sekunde hiyo. Fomati ya haraka inafuta mpangilio tu, vitu vingi bado vinaweza kuchimbwa. Ile fomati kamili ya Windows za kuanzia Vista inaandika sifuri diski nzima, hapo hakuna kurudi.
Na kama eksteno yako ni SSD, ile isiyo na sahani, ukifuta kitu inaweza yenyewe kukisafisha muda mfupi baadaye. Usitegemee sana programu za kurudisha.

SASA HIVI NAFANYAJE

Kanuni inayofahamika ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Mimi nimeifanya ya kimaskini na inafanya kazi:

Picha na video ziko kwenye diski mbili. Moja natumia, moja iko kwa dada yangu Mbinga, nikienda kusafirisha mzigo naziongezea mpya. Nyumba ikiungua Ngumbo, picha ziko Mbinga.
Faili la madeni na la wateja ni dogo, halimalizi bando. Liko kwenye akaunti ya Google, ile ya bure ina gigabaiti 15. Ila mjue bekapu ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo sasa inakula humo humo, kwa hiyo zile video za kuchekesha futeni.
Kila Jumapili jioni najitumia hilo faili, na namtumia dada. Dakika mbili.
Na daftari la karatasi nimelirudisha. Jina, kiasi, tarehe, mteja anasaini. Msinicheke. Karatasi haidai fomati. Na kumbuka hesabu za biashara si za kwako peke yako, sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ukimwambia afisa diski iliharibika, atakupa pole, halafu atakuuliza nakala iko wapi.

Mara moja kwa mwezi nafungua nakala moja nione kama inafunguka kweli. Bekapu usiyowahi kuifungua ni matumaini tu.

Ile diski mgonjwa bado ninayo, ipo juu ya kabati. Mdogo wangu aliifomati baadaye, ikafunguka vizuri kabisa, ukiiona utasema nzima. Siiwekei hata picha moja.

Leo kabla ya kulala, fanya kitu kimoja tu: tafuta faili la wanaokudai na unaowadai, lipeleke mahali pa pili. Kama eksteno yako ina dalili mojawapo kati ya zile sita, niandikie namba ya dalili hapo chini na uniambie inafanyaje, nitakujibu ninavyojua. Na mtumie mwenzako anayeuza, hasa yule anayesema vitu vyake vyote viko sehemu moja.